Majina Yaliyopotea Katika Daftari la Anwani: Somo kwa Mtafiti wa Fasihi Atumiaye Barua Pepe

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia tatizo linalowakumba watafiti wengi lakini ambalo ni nadra kuandikiwa katika majarida yetu: kufungua programu ya barua pepe na kukuta kwamba daftari la anwani halina majina yaliyokuwamo jana. Tunatumia mfano wa programu ya Thunderbird, ambayo hutolewa bila malipo, kisha tunaigusia Outlook kwa ufupi. Hoja yetu ni kwamba aghalabu majina hayo hayajapotea. Ama yamo katika daftari jingine, ama yamepangwa kwa namna ambayo mwenyewe hakuitarajia, ama programu inasoma kabrasha lisilo lake. Msomaji atatambua kwamba mwandishi hakuyasoma haya darasani.

Utangulizi

Wiki tatu kabla ya kuwasilisha tasnifu yangu ya uzamili, nilibakiwa na jambo moja tu. Utafiti wangu ulihusu tungo nilizozirekodi nyanjani katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Wengi wa wazee walionighania hawana barua pepe. Anwani nilizokuwa nazo zilikuwa za watoto na wajukuu wao. Mmoja wa wazee hao, malenga wa Lamu, alifariki kabla sijakamilisha unukuzi wa tungo zake. Aliyebaki na mamlaka ya kunipa ruhusa ni mjukuu wake wa kike aishiye Muscat, na idara ilishikilia kwamba bila idhini yake ya maandishi tungo za babu yake zisingeingia katika kiambatisho. Bila kiambatisho hicho, sura ya nne ingekuwa uchambuzi wa vitu ambavyo msomaji hawezi kuviona.

Siku hizo tarakilishi yangu ilikuwa imezidiwa na virusi. Nikaipeleka kwa fundi mjini, akaisakinishia Windows upya na kunirudishia ikiwa nyepesi kama mpya. Nikasakinisha Thunderbird, nikaandika anwani yangu na nenosiri, nazo barua za miaka minne zikaanza kuteremka moja baada ya nyingine. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na fundi. Kisha nikafungua daftari la anwani. Tupu! Watu 63 niliowaandika mmoja mmoja, wengine nikiwa nimeketi barazani mwao, hawakuwamo.

Neno moja kuhusu istilahi kabla hatujaendelea. Ninatumia 'tarakilishi' kwa mazoea ya huku kwetu. Wenzetu wa Tanzania husema kompyuta, na wala sioni haja ya kugombana nao. 'Kabrasha' ni lile ambalo vijana huliita folda. Kinachonitatiza ni lile kabrasha ambamo programu huweka mambo yote ya mtumiaji mmoja: barua zake, mapendeleo yake, daftari lake la anwani. Nimeliita 'kabrasha la wasifu', ingawa najua neno 'wasifu' katika fasihi lina kazi nyingine kabisa. Mwenye istilahi bora na aitoe.

Barua husafiri, majina hayasafiri

Kosa langu la kwanza lilikuwa la fikra. Nilidhani kwamba kwa kuwa barua zimerudi, majina nayo yangerudi. Barua zetu hukaa kwenye seva ya mtoaji huduma, na Thunderbird huzifikia kwa utaratibu uitwao IMAP. Utaratibu huo uliundwa kwa ajili ya barua na makabrasha ya barua, haubebi majina. Hata utaratibu mkongwe zaidi wa POP, ambao huzishusha barua kutoka kwenye seva, haubebi majina.

Mfano wa karibu ni sanduku la posta. Sanduku liko posta, na ukihama mtaa utakwenda na ufunguo wako na kuzikuta barua zako. Lakini kijitabu cha anwani kilikuwa kabatini nyumbani. Kama hukukibeba, karani wa posta hatakuwa na la kukusaidia.

Upo utaratibu wa kuyaweka majina nayo kwenye seva, uitwao CardDAV. Thunderbird huuelewa tangu toleo la 91 la mwaka 2021. Hata hivyo mtumiaji lazima akubali kuuunganisha, na asiyefanya hivyo majina yake hubaki katika diski ya tarakilishi yake pekee. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasiofanya hivyo.

Tazama kwanza kilichopo mbele ya macho

Si kila aliyepotewa na majina ametembelewa na fundi. Mwenzangu mmoja wa darasa alinipigia simu usiku akiwa karibu kulia, ilhali tatizo lake lilikuwa herufi tatu alizozisahau katika kisanduku cha kutafutia kilichopo juu ya daftari. Maadamu kisanduku kina maandishi, daftari huonyesha majina yanayolingana na maandishi hayo tu. Akazifuta, na ukoo mzima ukarudi.

Jambo la pili ni kwamba Thunderbird huanza na madaftari mawili, si moja. Lipo daftari la binafsi, ambamo huingia majina unayoyaandika mwenyewe, na lipo daftari la anwani zilizokusanywa, ambamo programu yenyewe huweza kuzihifadhi anwani za watu uliowaandikia barua. Mtu anaweza kumwandikia mhadhiri wake mwaka mzima, kila mara akikamilishiwa anwani baada ya kuandika herufi mbili, akaamini kwamba mhadhiri huyo yumo katika daftari la binafsi. Hayumo. Yumo katika lile jingine, na pengine bila jina, anwani tupu. Kwa hiyo mtafute mtu wako ukiwa umechagua madaftari yote kwa pamoja, usilitazame moja ukakata tamaa.

Majina yetu ndani ya daftari la wengine

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutulia kidogo. Daftari la anwani limebuniwa na watu wanaoamini kwamba kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Linakuuliza hayo mawili, kisha linakuuliza jina la kuonyeshwa. Sasa mwandike humo Sharifu fulani bin fulani. 'Bin' iende wapi? 'Sharifu' ni jina au ni heshima? Mimi nilipokuwa nyanjani niliandika kama nilivyoita: Mzee, Bi., Ustadhi, Mwalimu. Matokeo yake ni kwamba karibu theluthi ya watu wangu walijipanga chini ya herufi M, na nilipomtafuta mtu chini ya herufi ya jina lake halisi sikumpata. Kuna wengine niliowaandika majina yote matatu katika nafasi ya jina la kwanza, na nafasi ya ukoo ikabaki wazi. Daftari likipangwa kwa jina la ukoo, hao hukusanyika mahali pamoja kana kwamba hawana kwao.

Thunderbird hukuruhusu kuchagua kama majina yaonyeshwe kwa jina la kuonyeshwa, kwa jina la kwanza likifuatwa na la ukoo, au kinyume chake. Anayeona majina yake yamepungua na abadilishe mpangilio huo mara mbili tatu huku akiitazama orodha. Mara nyingi aliyedhaniwa amepotea huibuka mahali pengine.

Kisha kuna ritifaa. Sauti ng' tunaiandika kwa ritifaa, na majina ya Wakenya wengi yana sauti hiyo: Ng'ang'a, Nyong'o, Ng'eno. Programu za kuandikia hati zina tabia ya kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho letu hiyo ni alama moja, lakini kwa tarakilishi hizo ni alama mbili zenye namba tofauti kabisa. Ukilinakili jina kutoka kwenye hati na kulibandika katika daftari, kisha baadaye ukalitafuta kwa kuliandika kwa kibodi, huenda programu ikakujibu kwamba mtu huyo hayupo. Dawa yake ni nyepesi: tafuta kipande cha jina kisicho na ritifaa. Andika 'Nyong' ukaishie hapo. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akipendekeza tuiache ritifaa ili kuirahisishia mashine kazi. Sikubaliani naye hata chembe. Ng'ombe na ngombe si mamoja, na mashine ndiyo inayopaswa kujifunza othografia yetu.

Kulitafuta kabrasha la wasifu

Ikiwa daftari ni tupu kweli, kama langu lilivyokuwa, swali la kuuliza ni: je, programu inasoma kabrasha lipi? Katika menyu ya msaada ya Thunderbird upo ukurasa wa maelezo ya kutatua matatizo, na ndani yake kuna kitufe cha kulifungua kabrasha la wasifu linalotumika wakati huo. Jina la kabrasha hilo huanza na mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na maana yoyote, kisha nukta, kisha aghalabu neno default au default-release. Ndani yake, daftari la binafsi limehifadhiwa katika faili iitwayo abook.sqlite, nalo la anwani zilizokusanywa katika history.sqlite. Matoleo yaliyotangulia lile la 78 la mwaka 2020 yalitumia faili zenye majina hayo hayo lakini zenye kiambishi cha mwisho cha mab. Aliye na tarakilishi ya zamani kabatini asishangae kuzikuta.

Tangu toleo la 68 la mwaka 2019, kila usakinishaji wa Thunderbird unaweza kuwa na wasifu wake. Nia ilikuwa njema, lakini imewatia watu hofu. Mtu anasakinisha toleo jipya mahali pengine katika diski ile ile, analifungua, na kukuta programu inamkaribisha kana kwamba hawajawahi kuonana. Hakuna kilichofutwa. Programu imejifungulia wasifu mpya na ule wa zamani umelala pembeni. Kutoka katika ukurasa ule ule wa kutatua matatizo unaweza kufika kwenye orodha ya nyasifu zote (naomba radhi kwa wingi huo), ukachagua ule wa zamani uwe ndio wa kutumika, kisha ukaifunga programu na kuifungua tena.

Langu halikuwa hilo, kwani mfumo mzima ulikuwa umewekwa upya. Lakini nilipompigia fundi simu, aliniambia jambo lililonirudishia pumzi: hakuifuta diski, aliiweka Windows mpya juu ya ile ya zamani. Inapofanyika hivyo, mambo ya zamani huhamishiwa katika kabrasha liitwalo Windows.old. Tatizo ni kwamba kabrasha hilo hula nafasi kubwa, na Windows huweza kulifuta yenyewe baada ya siku kadhaa, au mtu hulifuta kwa mkono wake akitaka nafasi. Kwa hiyo nasihi yangu kwa aliyepatwa na haya ni kwamba asikubali ombi lolote la kusafisha diski kabla hajapekua.

Nikafungua diski ya C, nikaingia Windows.old, nikaingia Users, nikaingia kabrasha lenye jina langu. Hapo nikakwama, maana kabrasha linalofuata, AppData, limefichwa. Ilinilazimu kwenda katika menyu ya mwonekano na kuamuru vitu vilivyofichwa vionyeshwe. Ndani ya AppData kuna Roaming, ndani yake Thunderbird, na ndani yake Profiles.

Humo nikakuta makabrasha mawili. La kwanza nililolifungua lilikuwa na faili moja tu ya daftari, ya mtindo wa zamani wa mab, ya siku zangu za shahada ya kwanza, nyepesi mno. Nusura nifunge na kuanza kuandika barua ya kuomba radhi idarani. Ndipo nikatazama tarehe. La pili lilikuwa limebadilishwa mara ya mwisho jioni ile ile niliyompelekea fundi mashine, na faili yake ya abook.sqlite ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Tazameni tarehe na ukubwa, wenzangu, kabla ya kuliamini kabrasha lolote.

Jinsi ya kuyarudisha majina nayo inahitaji uangalifu. Kishawishi ni kuinakili faili ya zamani juu ya ile mpya. Si vibaya, mradi Thunderbird imefungwa kabisa wakati wa kunakili, na mradi umeiweka kando ile mpya kwa jina jingine. Lakini tangu toleo la 102 la mwaka 2022 kuna njia ya upole zaidi: chombo cha kuingiza data, kilichopo katika menyu ya zana, hukubali faili za sqlite na hata zile za mab, na kinaweza kuyaweka majina katika daftari jipya la pekee. Nilifanya hivyo. Kwanza nikazinakili faili zote mbili katika diski ya mkononi, kisha nikaziingiza. Majina 63 yakatokea.

Nikamtafuta mjukuu wa malenga. Hayupo.

Kuokota majina kutoka katika barua

Nilimtafuta kwa jina lake la kwanza, la baba yake na la babu yake. Nikabadilisha mpangilio. Nikalipekua daftari la anwani zilizokusanywa. Hakuna. Ilinijia usiku kwamba barua nilizokuwa nimemwandikia bado ziko katika kabrasha la barua zilizotumwa, na kwamba kila barua hubeba kichwani mwake anwani ya mwandikiwa, hata kama daftari limeungua. Nikaenda huko, nikatafuta maneno 'babu yako'. Barua nne zikajitokeza. Anwani yake ilikuwa ya jina la utani ambalo mtu hawezi kulikisia, halina herufi hata tatu za jina lake. Na nilipoipeleka anwani hiyo katika daftari, nikamkuta. Alikuwamo muda wote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandika 'Mjukuu wa Malenga', kwani siku nilipoipokea anwani yake kutoka kwa mama yake sikuwa nimeuliza jina.

Njia hii ya barua zilizotumwa inafaa hata kwa yule ambaye diski yake ilifutwa kabisa. Mradi barua zingali kwenye seva, watu wako wote uliowaandikia wamo humo. Fungua kila barua, bonyeza anwani iliyo juu, na programu itakuruhusu kuiongeza katika daftari. Ni kazi ya kuchosha, takriban jioni mbili kwa watu 60, lakini ni kazi isiyohitaji fundi.

Kuhusu Outlook

Wahadhiri wetu kadhaa hutumia Outlook ya Windows, ile ya kawaida na si ile mpya, na malalamiko yao ni ya aina nyingine: majina yanaonekana katika kabrasha la mawasiliano, lakini ukibonyeza kitufe cha kuchagua mwandikiwa hayatokei. Hapo kabrasha halijaruhusiwa kuwa daftari la anwani. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na katika kichupo kinachohusu daftari la anwani utie alama katika kisanduku kinacholiruhusu kabrasha hilo kuonyeshwa. Pia, mtu uliyemhifadhi kwa namba ya simu pekee, bila barua pepe wala faksi, hataonekana katika daftari hilo, kwa kuwa Outlook haioni sababu ya kumwandikia. Na ile orodha inayojitokeza unapoanza kuandika anwani si daftari; ni kumbukumbu ya uliowaandikia tu. Ikifutika, daftari lenyewe huwa salama.

Nakala

Tangu wakati huo kila mwisho wa mwezi huitoa nakala ya daftari langu. Thunderbird hukupa miundo kadhaa. Wa CSV hufunguka katika Excel na kwa hiyo watu huupenda, lakini una hila mbili. Orodha za vikundi hazimo. Na Excel ikizifungua namba za simu huzichukulia kuwa hesabu, ikaiangusha sifuri ya mwanzo. Namba ya kuanzia 07 inabaki 7. Kwa hiyo ninapohifadhi nakala ya kurudisha katika programu sipitii Excel kamwe.

Nakala hiyo siiweki katika tarakilishi za maabara. Majina, simu na makazi ya watu waliotuamini nyanjani ni data yao ya kibinafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu sisi watafiti pia. Binafsi nimekuta katika tarakilishi moja ya umma programu ya barua iliyoachwa wazi, na daftari zima la mtafiti fulani likisomeka na kila apitaye. Nilimfungia, na sikuweza kumjulisha ila kwa kumwandikia kutoka katika daftari lake mwenyewe, jambo ambalo nililiona si la adabu.

Mjukuu wa malenga alinijibu baada ya siku tano. Idhini alinipa, akaitia sahihi. Chini yake akaongeza kwamba katika ubeti wa tatu nilikuwa nimeandika 'mchanga', ilhali babu yake hakusema hivyo maishani mwake. Alisema 'mtanga', kama watu wa Amu wanavyosema, na kama nilimsikiliza vizuri katika rekodi nitasikia. Nikairudia rekodi. Ni kweli. Nikakirekebisha kiambatisho, na katika sura ya nne nikaongeza aya moja juu ya mkono wa mnukuzi unaosanifisha bila kutambua.